Saa Nane ya Gondar

Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na somo nililolipenda kuliko yote ni la majira ya saa duniani. Nilikuwa nachora duara kubwa ubaoni, nalikata kwa mistari ya longitudo, kisha nageuka na kuuliza: London ikiwa saa sita mchana, Mwanza ni saa ngapi? Aliyekosea nilimtania mpaka darasa zima linacheka. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba aibu ninayoisimulia haikumpata mtu asiyejua kuhesabu saa.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Mwanza nililetwa na ajira, nikaoa Msukuma wa ng'ambo ya pili, upande wa Sengerema, nikajenga Kitangiri. Uani tuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na mke wangu huanika michembe juu yake, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo mimi nimejifunza kuvipenda ukubwani. Mama yangu bado anaishi kule milimani. Kila akija kututembelea hulalamika kwamba jua la Mwanza linachelewa kuchomoza, na ana haki, kwa sababu nchi nzima tunatumia saa moja, ila Lushoto iko mashariki zaidi na jua huwahi kule kwa dakika kama ishirini hivi. Siku moja nilimweleza kwa chungwa na tochi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalichukua lile chungwa akalimenya.

Binti yetu mkubwa alituletea mchumba kutoka Ethiopia, kijana aliyekuja Mwanza kufanya kazi kwenye kampuni ya ujenzi. Tulimpenda bila kutaka. Alijifunza Kiswahili upesi, alikula ugali kwa dagaa bila kuuliza kama kuna wali, na siku nilipompeleka Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma alisimama muda mrefu mbele ya ngoma na viti vya watemi huku akisema, "Kwetu hivyo hivyo, Baba." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. Umwonyeshe hiki, umwonyeshe kile, kwetu hivyo hivyo. Mimi nilidhani ni adabu tu ya kutaka kuoa.

Kitu kimoja kilitushangaza. Wageni wote niliowahi kuwaalika hujikwaa kwenye saa zetu. Umwambie mgeni chakula ni saa saba mchana, anafika giza limeingia. Huyu hakuwahi kukosea hata mara moja. Nilimsifu mbele ya wenzangu kwamba kijana ana kichwa. Wapi alikojifunzia sikumuuliza.

Kwao ni Gondar, mji wa milimani kaskazini mwa Ethiopia. Jioni moja binti alinionyesha picha zake kwenye simu: ngome za mawe za wafalme wa kale, zina minara, zina milango ya tao, na miti mikubwa imezizunguka. Nilizitazama nikiwa nakunywa chai, na chai ikanishinda. Nikaanza kulinganisha. Wao wana mji wa milimani wenye historia, na sisi tuna mji wa milimani wenye historia. Wao wana baridi, sisi tuna baridi. Wao walikuwa na wafalme, na sisi tulikuwa na Wakilindi waliotawala kutoka Vuga, watu walioogopwa na kuheshimiwa milima yote ile. Lakini Vuga ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Leo ukienda huwezi kupiga picha ya ukuta wowote na kusema huu hapa. Niliona aibu. Nasema kweli, niliionea aibu Vuga, mimi mzaliwa wa pale jirani, kwa sababu tu haikujengwa kwa mawe.

Nikatafuta cha kujifutia machozi, nikakipata kwenye ramani. Lushoto na Gondar ziko karibu kwenye longitudo moja. Ile ngome na ule ukungu wetu vinapata jua la adhuhuri kwa pamoja, au hukosana kwa dakika chache sana, na majira yetu ya saa ni yale yale. Nililieleza hilo kwa kila aliyeingia nyumbani wiki ile, hata muuza maziwa.

Kisha nikafanya jambo la kijinga la kwanza. Baba wa kijana, mstaafu kama mimi, alikuwa ameanza kuniandikia kwa Kiingereza, taratibu, mzee kwa mzee. Alinitumia picha ya ngome. Mimi nikamtumia picha ya nyumba ya zamani ya Lushoto, nzuri, ya mawe chini na mbao juu, iliyojengwa wakati wa Mjerumani, nikamwandikia kwamba huu ndio urithi wetu. Alijibu, "Nzuri sana. Nani aliijenga?" Sikumjibu. Nikamwandikia habari za mvua.

Sasa ikafika posa. Yule mzee ana ugonjwa wa moyo na madaktari walimkataza safari. Aliomba jambo moja tu: amwombe binti kwa mdomo wake mwenyewe, kwa simu ya picha, na asikie kwa masikio yake mzee wa upande wetu akisema tumekubali. Hilo alilitaka kabla hali haijawa mbaya zaidi. Kijana alirudi kwao ili akae naye siku hiyo. Kwa upande wetu msemaji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Bila yeye neno halijasemwa, hata mimi baba mzazi niseme mpaka nikauke koo.

Mzee akaniandikia siku na saa. Jumapili, halafu tarakimu ya nane. Hakuandika asubuhi wala mchana.

Hapo mtu yeyote angeuliza, nane ipi? Mimi sikuuliza, na sababu naijua vizuri. Ili niulize ningelazimika kumweleza kwamba sisi huku tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwamba mshale ukiwa kwenye mbili sisi tunasema nane. Nimewahi kuwaeleza wageni habari hiyo, na ninalijua tabasamu wanalotoa, lile la kumwonea mtu huruma. Sikutaka kulipata kutoka kwa mtu mwenye ngome, ambaye tayari nilikuwa sijamjibu kuhusu nyumba ya Mjerumani. Nikaamua kwamba watu wa minara ya mawe lazima wanahesabu kizungu, nikajigeuzia mwenyewe. Nane yake ni saa mbili yetu. Usiku mgonjwa amelala, basi ni asubuhi. Nikatangaza saa mbili asubuhi.

"Jumapili asubuhi?" mke wangu akauliza. "Saa ya ibada?"

"Wenzetu wana utaratibu wao."

Binti akaja jikoni na simu yake mkononi. "Baba, mwenzangu naye ameniandikia. Ameandika saa nane."

"Ameandika neno au tarakimu?"

"Tarakimu."

"Tarakimu ya nane kwa mgeni ni saa mbili."

"Lakini yeye hakoseagi saa, Baba."

"Akiwa huku hakosei. Sasa yuko kwao, amerudi kwenye saa za kwao."

Niliisema sentensi hiyo kwa kujiamini kabisa, na kila nikiikumbuka nahisi joto masikioni. Binti alimwandikia tena mchumba wake kuhakikisha, lakini mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha siku zile. Ikakaa tiki moja. Hakunibishia tena, kwa sababu nimewalea wanangu wasinibishie kwenye mambo ya shule.

Shemeji yangu na wazee wenzake wawili walivuka Jumamosi kwa kivuko cha Kamanga, wakalala kwetu. Alfajiri tuliamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, wote wakiwa wamevaa makoti. Mama yangu, aliyekuja kutoka Lushoto kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa amevaa kitenge kipya na amekaa kwenye kiti cha mbele. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la maziwa juu ya meza ili kila mtu aonekane. Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi juu ya miji miwili ya milimani inayopata jua pamoja.

Saa mbili ikafika, simu kimya. Tukanywa chai. Saa tatu nikapiga, sauti ya mashine ikaniambia mambo nisiyoyaelewa. Nikapiga kwa kijana, hapatikani. Chai ya pili ikaja na viazi, watu wakala bila mazungumzo. Shemeji akavua koti akalitundika kwenye kiti, na mimi nililiona koti lile kama shitaka. Saa nne na nusu akakohoa.

"Mwalimu, hii halusi ina wenyewe kweli?"

"Inao, shemeji. Labda mtandao."

"Mtu akitaka mtoto wa watu, mtandao anautafuta hata kwa miguu. Sisi tuna ng'ombe wa kunywesha."

Wenzake walicheka kidogo, na kicheko kile kilinimaliza. Nilijiona nimekalishwa kwenye nyumba yangu mbele ya wakwe zangu, nikidharauliwa na mtu ambaye nilikuwa nikijikunja mbele yake kwa miezi. Mimi hasira zangu huja na Kiingereza. Nikachukua simu, nikamwandikia yule mzee kwa lugha ile tuliyokuwa tukiandikia barua za onyo shuleni: kwamba katika utamaduni wetu tunaheshimu saa, kwamba familia isiyojua kutunza saa haiwezi kutunza mke, na kwamba hapa hakuna tena binti wa kuozesha. Nikabonyeza. Kisha nikawageukia wazee nikawaambia wasipoteze siku yao, wawahi kivuko.

Wakaondoka. Binti akatoka akaenda nyuma ya lile jiwe la uani, na mama yake akamfuata. Mimi nikabaki sebuleni na Mama, ambaye hakuwa ameinuka.

"Kabadilishe nguo, Mama. Yameisha."

"Nimevaa. Sivui," akasema, akapanga upya pindo la kitenge chake.

Mchana watu walikula kila mmoja kona yake. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi simu ilipolia. Nilidhani ni yeye anajibu ugomvi, nikajiandaa kwa ugomvi. Binti alikuja mbio kutoka uani, macho yamevimba, akaipokea kabla yangu na kuirudisha kwenye kopo la maziwa.

Kioo kikajaa watu. Wote walivaa nguo nyeupe, wanawake kwa wanaume, shuka nyeupe mabegani zenye mapambo kwenye pindo. Moshi wa kahawa ulikuwa unapanda upande mmoja. Katikati alikaa mzee mwembamba aliyezungukwa na mito, na kando yake mchumba wa binti yetu, ambaye hakuwa akitabasamu. Walikuwa wametoka kanisani. Walikuwa wamezima simu asubuhi nzima kwa ajili ya ibada, na walipoziwasha, kitu cha kwanza kuingia kilikuwa ujumbe wangu. Kijana amenieleza baadaye kwamba alitaka kumficha babake, lakini mzee mwenyewe ndiye aliyeufungua.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Baba," kijana akasema.

"Marahaba," Mama akajibu peke yake.

Mzee akasema maneno machache kwa Kiamhari, polepole, bila kuinua sauti. Kijana akatafsiri huku akitazama chini.

"Baba anauliza, kwenu sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikainua macho ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili, mrefu juu kabisa. Na kama nilivyofanya siku zote tangu nijue kusoma saa, bila kufikiri, nikasema:

"Saa nane."

Kijana hakutafsiri mara moja. Alinitazama kwanza. Kisha akamwambia babake, na mzee akageuka taratibu, akainua mkono akaonyesha saa iliyokuwa ukutani nyuma yake. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

"Baba anasema, na huku ni saa nane."

Waethiopia nao wanaanza kuhesabu jua likichomoza. Kijana hakuwa na kichwa cha ajabu, alikuwa anasoma saa kama alivyofundishwa na mama yake. Kwetu hivyo hivyo. Alikuwa ameniambia tangu Bujora, na mimi nikamsikia kwa masikio ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Baba anaomba kuwasalimia wazee wa binti," kijana akasema. "Mjomba yuko wapi?"

Ulimi wangu ukaanza na neno mtandao. Nakiri. Hata pale, nikiwa nimevuliwa nguo mbele ya watu waliovaa nyeupe, nilitaka kusema kwamba mtandao ulisumbua na wazee wakachoka kusubiri. Nikamwona binti yangu pembeni ya meza. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anamtazama mchumba wake, na mkono wake umeshika ukingo wa meza.

"Nimewafukuza," nikasema. "Niliwaambia saa mbili. Wamekwenda kupanda kivuko."

Kijana akatafsiri. Watu wa kule wakasemezana. Mama mmoja akaweka mkono mdomoni. Mzee alifumba macho kwa muda, nikaogopa kwamba moyo wake umepata mshtuko, lakini alikuwa anafikiri tu. Akazungumza.

"Baba anasema, kahawa yetu hupikwa mara tatu kwa buni ile ile. Hii ni ya kwanza. Kama mjomba anaweza kurudi kabla ya ya tatu, yeye atakaa."

Mke wangu alikuwa tayari ameshapiga simu kwa kaka yake. Walikuwa hawajavuka, kivuko kilikuwa kimeharibika tangu asubuhi, nao walikuwa bado kwenye foleni upande wa mjini wakisubiri magari yapangwe. Nilimsikia akimwambia kwa Kisukuma panda bodaboda, maswali utauliza huku.

Tukawa tunasubiri, wao wakinywa na sisi tukitazama. Huo ndio muda uliokuwa mgumu kuliko yote, kwa sababu mzee aliutumia kunisemesha kwa upole, kama mwenyeji anayemchangamsha mgeni. Akauliza kuhusu mvua. Halafu akauliza kuhusu ile nyumba kwenye picha, ya Lushoto, ni nani aliijenga. Hakuwa ananitega. Alikuwa hajajibiwa tu.

"Mjerumani," nikasema. "Ya wafalme wetu ilikuwa ya miti na nyasi. Haipo."

Nilisubiri lile tabasamu. Mzee alisikiliza tafsiri, akatikisa kichwa, akamwambia mwanawe jambo. Kijana akaichukua simu akaiinamisha ili tuone sakafu. Chumba chote kilikuwa kimetandazwa nyasi mbichi, ndefu, za kijani kabisa, chini ya miguu ya wote, chini ya vikombe.

"Hizi tunatandika kwa ajili ya mgeni wa heshima," kijana akasema. "Tumezikata asubuhi, kabla ya kanisa. Ni kwa ajili yenu."

Mama akasogea karibu na kioo kuzitazama. Akasema kwa Kisambaa kwamba ni nyasi nzuri, zimekatwa na mtu anayejua. Asubuhi ile mtu aliinama na mundu kwa heshima yangu, na mimi nikakaa sebuleni nikimtungia onyo la shuleni.

Walikuwa wanamimina kahawa ya tatu shemeji alipoingia, koti mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Mwadila," akasalimia, salamu ya mchana, akaisema kwa kishindo kama mtu anayetaka kila mmoja aone kwamba asubuhi imepita. Akasimama mbele ya simu bila kukaa.

"Kwanza nijue. Hawa walichelewa kwa nini?"

"Hawakuchelewa," nikasema. "Walisema saa nane."

"Sasa wewe saa mbili uliitoa wapi?"

Kulikuwa na kanuni nzuri ya longitudo ningeweza kumpa. "Niliona haya kuuliza," nikamjibu.

Kijana akaitafsiri hata hiyo, sikumwomba. Shemeji alinitazama mimi, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Mwalimu wa jiografia!" na hakusema kingine juu yangu. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. Mzee akaomba binti kwa mdomo wake, na shemeji akajibu kwa Kisukuma kwanza kisha kwa Kiswahili kwamba tumekubali. Mzee alisikia kwa masikio yake. Alipewa kikombe kile cha tatu akakiinua kuelekea kwetu, na kijana akatuambia kwamba hicho cha mwisho kina jina lake, kinaitwa baraka.

"Kwa lugha yenu kinaitwaje?" nikamuuliza.

"Hapo sijatafsiri, Baba. Ndilo neno lenyewe."

Nilimwomba kijana baadaye aufute ule ujumbe kwenye simu ya babake. Alikwenda akarudi na jibu kwamba mzee amekataa. Anaupenda. Jumapili wageni wakishakunywa kahawa, anavaa miwani na kuwasomea, kuanzia "katika utamaduni wetu tunaheshimu saa" mpaka "hakuna tena binti", na wanacheka mpaka wanamkataza kwa sababu ya moyo wake. Harusi itafanyika huko huko, na mimi nitakwenda. Najua nitakalishwa kwenye nyasi mbele ya watu wote, na najua nitasomewa.

Mwaliko wa mzee umekuja jana kwenye simu. Siku imeandikwa vizuri, na mbele yake tarakimu ya nne. Niliishika simu muda mrefu, masikio yakiwa ya moto, kisha nikaandika: nne ipi? Jibu lilikuja papo hapo. Ile ile.